Kabla ya kupeleka wanafunzi Tshivanga na Lwiro, tujue historia ya ule mlango

Juma lililopita prefe wa masomo wa shule moja ya Bagira alinipigia simu asubuhi mapema. Alikuwa amenisikia redioni nikizungumzia parki ya Kahuzi-Biega. Akaniambia: "Bwana Mwandishi, nataka kupeleka wanafunzi 60 Tshivanga na Lwiro mbele ya Noeli. Barua nimwandikie nani? Na wazazi niwaombe makuta ngapi?"

Nilimjibu niliyoyajua. Barua inaenda kwa wakubwa wa parki, na nyingine kwa wakubwa wa kituo cha Lwiro. Lakini nilipokata simu nilibaki nawaza. Swali lake lilikuwa fupi, jibu lake ni refu sana. Maana ule mlango wa Tshivanga, pale kizuizi kinapofungia barabara ya kutoka Miti kuelekea Bunyakiri, una historia. Kuna waliopita pale kama wageni wa heshima, kuna waliofukuzwa pale, na kuna watoto waliozaliwa karibu kabisa ambao hawajapita hata siku moja. Mwalimu asiyejua hayo atawaonyesha wanafunzi miti na nyani, na nusu ya somo ataiacha njiani.

Kwa hiyo leo naandika kile ambacho sikuweza kumwambia kwa simu.

MSITU MBELE YA MLANGO

Mbele ya kuwa parki, ulikuwa ni msitu tu, wenye milima miwili inayoonekana vizuri kutoka Kavumu siku isiyo na ukungu: Kahuzi, wenye metre 3.308, na Biega, wenye metre 2.790. Watwa, ambao wengi wetu huwaita Wambuti, walikuwa wanaishi ndani yake. Walipata humo nyama, asali, dawa, na mahali pa kuzika watu wao. Bashi walilima pembeni, na wakabadilishana nao mavuno kwa vitu vya msitu.

Mwaka 1937 serikali ya wakoloni wa Ubelgiji iliufanya msitu wa mlima Kahuzi kuwa hifadhi ya wanyama na miti. Wakati huo Congo ilikuwa tayari na parki moja, ile ya Albert iliyoundwa mwaka 1925 upande wa Rutshuru na ambayo leo tunaiita Virunga. Ni parki ya taifa ya zamani kuliko zote za Afrika. Lakini hifadhi ya Kahuzi haikuwa bado parki. Watwa walibaki ndani.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1947, Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi ya uchunguzi wa kisayansi katika Afrika ya Kati. Makao yake makuu waliyajenga Lwiro, karibu na Katana, zaidi ya kilometa 40 kutoka Bukavu. Aliyefika Lwiro anajua nyumba zile: mawe, bustani, maktaba, ziwa Kivu upande mmoja na milima upande mwingine. Pale walichunguza matetemeko ya ardhi, volkano, wanyama, mimea, na magonjwa ya watoto wenye kukosa chakula kizuri. Leo taasisi ile inaitwa CRSN, kituo cha uchunguzi wa sayansi za viumbe na ardhi.

Wanafunzi wasikilize hapa. Kwa miaka mingi elimu ya juu kuhusu udongo wetu, wadudu wetu na gorila wetu ilikuwa inaandikwa pale Lwiro, na watoto wa Katana walikuwa wanaiona kutoka nje ya uzio. Baba zao waliingia kama watunza bustani, wapishi, wabebaji na wasaidizi wa maabara. Wengine kati ya hao wasaidizi walipata ujuzi mkubwa, na ndio waliobaki kulinda vitabu na vyombo wakati wazungu walipoondoka na vita vilipofika.

1970: PARKI INAZALIWA

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Miaka kumi baadaye, tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1970, serikali ya Mobutu iliunda parki ya taifa ya Kahuzi-Biega. Mtu aliyeipigania sana ni Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyekulia huku Kivu. Alitaka kuokoa gorila wa nyanda za chini za mashariki, wale ambao wataalamu huwaita gorila wa Grauer. Gorila hao hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki ya Congo.

Deschryver alitembea msituni mpaka gorila wakamzoea. Lakini hakutembea peke yake. Waliomwonyesha njia, waliosoma alama ya mkono kwenye matope na jani lililotafunwa asubuhi, walikuwa Watwa. Kazi ya kuzoeza gorila waone watu bila kukimbia wala kushambulia ilifanyika kwa macho na masikio ya Watwa. Dume mmoja wa wakati ule aliitwa Mushamuka, jina tunalompa mtu mzima mwenye heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watalii walianza kufika Tshivanga kuwaona. Parki yetu ni moja ya zile za kwanza kabisa duniani ambako mgeni aliweza kusimama karibu na gorila wa msituni.

Hapa ndipo historia inapouma. Wale waliojua njia ndio walioondolewa. Kati ya miaka ya 1970, maelfu ya Watwa walifukuzwa ndani ya parki bila kupewa udongo mwingine na bila malipo. Walihamia pembeni, kwenye vipande vya mashamba ya watu, wakiwa vibarua na waombaji. Mwaka 1975 parki ilipanuliwa mara kumi, kutoka hektari 60.000 mpaka hektari 600.000, ikashuka hadi misitu ya chini kuelekea Walikale na Shabunda. Vijiji vingine vilijikuta ndani ya mipaka ambayo wakaaji wake hawakuulizwa. Ubishi wa mipaka upande wa Nindja umetoka huko.

Mwaka 1980 UNESCO iliiandika Kahuzi-Biega kwenye orodha ya urithi wa dunia. Urithi wa dunia, ndiyo. Lakini jirani yangu mmoja mzee, aliyekuwa kijana wakati ule, alinieleza kwamba wao kule Miti waliona tu magari ya watalii yakipanda asubuhi na kushuka jioni. Watoto walikimbia nyuma ya magari wakipunga mikono. Kwenye darasa walijifunza wanyama wa Congo kwa kitabu chenye picha, wakati wanyama wenyewe walikuwa mlimani juu yao.

MAHESHE, WAKIMBIZI, NA COLTAN

Wakubwa wetu wanalikumbuka jina Maheshe. Alikuwa dume mwenye mgongo wa fedha, aliyejulikana mpaka nje ya inchi. Mwaka 1993 wawindaji walimuua. Watu waliofanya kazi ya parki wanasema walilia kama kwenye kilio cha mtu wa nyumbani.

Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Kivu, na kambi zingine zilikuwa karibu sana na parki. Watu walihitaji kuni. Mwaka 1996 vita vilianza, na mwaka 1997 UNESCO iliiweka parki kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mpaka leo haijatoka. Vita vya pili vilikuja mwaka 1998. Karibu mwaka 2000 bei ya coltan ilipanda sana kwenye masoko ya dunia, na watu wengi waliingia msitu wa chini kuchimba. Mchimbaji lazima ale, na nyama iliyokuwa karibu ni ya msituni.

Sehemu ya juu ya parki, hii ya kwetu ya Tshivanga, ilikuwa na gorila karibu 250 mbele ya vita. Kufika mwaka 2000 walikuwa wamebaki karibu 130. Tembo wa sehemu ile walimalizwa karibu wote. Mwanafunzi akifika Tshivanga ataonyeshwa mafuvu ya wanyama waliouawa. Mwalimu asiwaharakishe pale. Kila fuvu lina mwaka wake, na mwaka huo una vita vyake.

SAFARI YANGU AMBAYO HAIKUFANYIKA

Mwaka 2005 nilikuwa darasa la nne la sekondari, hapa Kavumu. Shule yetu, ambayo sitaitaja, ilitangaza safari ya mafunzo kwenda Tshivanga. Ni karibu, hata kwa mguu mtu hodari anafika. Lakini sisi tuliona kama tunaenda Ulaya. Kila mwanafunzi aliombwa makuta. Mama yangu aliuza kuku wawili sokoni, akanipa hesabu kamili, na mandazi kwenye mfuko.

Asubuhi ile tulipanga mstari tangu saa kumi na mbili. Kamyo haikuja. Saa nne tuliambiwa usalama si mzuri, turudi nyumbani. Inawezekana ilikuwa kweli, maana miaka ile risasi zilikuwa jambo la kawaida. Lakini makuta hayakurudi. Hakuna mzazi aliyepewa maelezo kwenye karatasi. Mama aliniuliza mara moja tu, kisha akanyamaza, na ule unyamavu wake nausikia mpaka leo.

Gorila wa kwanza nilimuona nikiwa na kalamu na mashine ya kurekodi, nikiwa tayari mtu mzima. Nilisimama pale nikiwaza wenzangu wa mstari ule wa 2005. Wengine wamechoma makala ndani ya parki kwa sababu ya njaa. Wengine wamekuwa walinzi wake. Siwezi kusema safari moja ya shule ingebadilisha maisha ya nani. Ninachojua ni kwamba hawa wa makala na hawa wa bunduki ya ulinzi walikalia benchi moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuelezwa mlima ule ni wa nini.

ELIMU INAINGIA PARKINI

Si kweli kwamba hakuna aliyefikiri jambo hilo. Mwaka 1992 John Kahekwa, mtoto wa huku ambaye alikuwa mwongozaji wa watalii kwenye parki, alianzisha pamoja na wenzake Pole Pole Foundation. Waliona kwamba huwezi kumfundisha mtu ulinzi wa gorila kama watoto wake wamelala njaa. Walianza kuotesha miche ya miti ili watu wapate kuni nje ya parki, wakawapa wawindaji wa zamani kazi ya kuchonga sanamu, na wakajenga shule kwa ajili ya watoto wa jirani na parki. Mwaka 2021 shirika hilo lilikuwa kati ya yale yaliyofika fainali ya zawadi ya Earthshot.

Mwaka 2002, vita vikiwa bado havijaisha, ICCN na CRSN walifungua pale Lwiro kituo cha kupokea shimpanze na nyani wengine walionyang'anywa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Leo wako zaidi ya shimpanze 100 pale. Wengi waliletwa wakiwa wachanga, mama zao wamekwisha kuuawa, wengine na alama ya kamba kwenye kiuno. Kituo kinapokea wageni na wanafunzi. Kwa mtoto wa shule ya msingi, hilo ndilo darasa lenye nguvu kuliko yote: anamuona mnyama, anasikia amefikaje pale, na anaelewa kwamba ile kamba ilifungwa na mtu.

Ona basi mzunguko wa historia. Lwiro ile ambayo wazee wetu waliitazama kutoka nje ya uzio, leo inawafungulia wajukuu wao.

LAKINI WATWA JE?

Mlango umefunguka kwa wengine, si kwa wote. Mwaka 2018 familia za Watwa zilizochoka kungoja ahadi zilirudi ndani ya parki. Miaka iliyofuata kulikuwa na mapigano kati yao na walinzi. Watu walikufa, Watwa na walinzi pia, na msitu mwingi ulikatwa kwa ajili ya makala, na nyuma ya makala hayo walikuwako wafanyabiashara wenye pesa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake: serikali ya Congo ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega, na inapaswa kuwarudishia udongo wao na kuwalipa.

Mzee mmoja wa Kitwa niliyemtembelea karibu na Miti alinieleza kwa upole kwamba mtoto wake akiingia msituni kutafuta kuni anaitwa mwizi, na mtoto wa mjini akiingia na mwalimu wake anaitwa mgeni. Sikuwa na jibu. Niliandika tu.

Ndiyo maana nasema safari ya wanafunzi si tembezi tu. Ukiwafundisha watoto kwamba parki ni tupu na imekuwa hivyo tangu Mungu aumbe dunia, umewadanganya. Na ukiwafundisha kwamba parki ni uonevu tu, umewadanganya pia, maana bila parki wale gorila 130 wasingebaki hata mmoja. Mtoto wa miaka 14 anaweza kubeba mambo mawili kichwani kwa mara moja. Sisi wakubwa ndio tunaoogopa.

SASA, BWANA PREFE, FANYA HIVI

Kwanza, waambie wazazi ukweli kuhusu gorila. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata msituni. Na hata wakubwa, kundi moja la gorila linapokea watu wanane tu kwa siku, kwa saa moja. Wanafunzi 60 hawawezi. Gorila wanashika kikohozi chetu kwa urahisi, na mafua ya darasa moja yanaweza kuua familia nzima msituni. Usiahidi gorila ili makuta yaingie haraka. Ahidi Tshivanga na maelezo ya walinzi, ahidi shimpanze wa Lwiro. Inatosha.

Pili, andika barua mapema, mwezi mmoja kabla au zaidi. Weka ndani yake idadi ya wanafunzi, umri wao, majina ya walimu, tarehe mbili unazoweza, na kitu unachotaka wajifunze. Uliza bei ya wanafunzi wa Congo. Haifanani na ile ya watalii wa kigeni, wanaolipa mamia ya dola kuona gorila. Subiri jibu la maandishi mbele ya kukusanya hata franga moja.

Tatu, makuta. Kama shule yako ina darasa za msingi za serikali, kumbuka masomo ni ya bure tangu mwaka 2019. Mzazi asilazimishwe, na mtoto asiyelipa asiadhibiwe. Kaa na komite ya wazazi, andikeni bei ya gari, ya kuingia na ya chakula, kila mmoja apewe risiti. Na andikeni juu ya risiti hiyo: safari isipofanyika, makuta yatarudishwa siku fulani. Mstari huo mmoja ungemfaa sana mama yangu.

Nne, usalama. Siku tatu mbele, na tena jioni ya mwisho, piga simu kwa parki na kwa wakubwa wa teritware ya Kabare. Wakisema hapana, ni hapana. Gari liwe la kukalia. Usipakie watoto kwenye kamyo kama mihogo. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani na arudishiwe chake.

Tano, gawanya kundi. Wanafunzi 60 mbele ya mlinzi mmoja ni kelele. Wapeleke 30, na juma lingine 30. Mbele ya kuondoka, wape darasa moja la historia: 1937, 1947, 1970, 1975, 1997, 2002. Miaka sita tu kwenye ubao. Kila mtoto aende na swali moja, na awaulize nyumbani babu na bibi wanakumbuka nini juu ya msitu. Na mkiweza, mbele ya kupanda Tshivanga simameni Miti, ombeni mzee wa Kitwa awaeleze majina ya miti kwa lugha yake. Mmlipe kama mnavyomlipa mwongozaji mwingine yeyote, maana ndiyo kazi yake ya asili.

Jana jioni nilimpigia prefe, nikamsomea haya yote. Alinisikiliza bila kunikata. Kisha akasema watakuwa 30, na safari itakuwa mwezi wa pili badala ya Noeli, kwa sababu barua ya kibali anataka aione kwanza. Akaongeza kwamba pembeni ya shule yake kuna familia za Watwa, na watoto wawili wa familia hizo wako darasa la saba kwake. Hawana makuta ya safari. Akaniuliza: "Hao nifanyeje?"

Nilimwambia awaweke namba moja na namba mbili kwenye orodha, na mimi nitatoa bei ya mmoja. Ya huyo wa pili bado tunaitafuta. Msomaji mwenye nafasi anajua pa kunipata redioni.